Ulimi wa Mpira Uliotazama Nje

Ijumaa, mwisho wa Oktoba, 1965. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, jua likatoka limechoka, na barabara ya kwenda Tororo ikawa uji mwekundu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikianza kuandika siku zile, tarehe kisha hali ya hewa, kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la nne alituambia kwamba mtu akikosa la maana aandike mvua au jua. Sikuvuka mbali na darasa hilo, kwa hiyo nimeandika mvua na jua nyingi sana. Leo ninyi vijana wa gereji hapa Busia mmeniomba ile habari ya ndege. Nimesikia mnavyosimuliana. Mmoja anasema nilitengeneza ndege, mwingine anasema niliirusha, na yule anayefunga breki amewaambia abiria kwamba nilianguka nayo nikapona. Hapana, wanangu. Mimi nilifunga mpira kwenye boneti ya ndege, tena mara ya kwanza nikaufunga vibaya. Hiyo tu ndiyo sehemu yangu. Nitaieleza bila chumvi, ingawa chumvi ingenisaidia.

Kazi yangu ilikuwa mpira. Niliianzia upande wa Kenya kwa Mzee Barasa, aliyeziba tyubu za baiskeli za wale vijana waliobeba watu kutoka forodha moja hadi nyingine. Siku yangu ya kwanza alinipa tyubu na solusheni, ile gundi ya viraka, akaenda kunywa chai. Nilipakata tyubu magotini, nikapaka, nikasubiri ikauke kama alivyosema, nikabandika kiraka, nikagonga kwa nyundo ya mti. Kazi nzuri kabisa. Mwenye baiskeli alipovuta tyubu yake, nami nikasimama. Nilikuwa nimebandika na suruali.

Mzee Barasa aliporudi hakucheka. Alizunguka akanitazama mbele na nyuma, akamwambia mteja, "Bwana, chukua baiskeli yako uende. Huyu kijana atakuwa anakimbia pembeni."

Kisha akanifundisha jambo ambalo mpaka leo nawaona mnalikosea: mpira unakatwa kwa kisu kilicholowa. Chovya kisu majini, vuta mara moja, usirudi nyuma kama mtu anayekata mkate. Kisu kikavu hung'ang'ania, ukingo unakuwa na meno, na kila jino ni mahali pa kuanzia kuchanika. Ninyi mnanunua mipira iliyokwisha kukatwa kiwandani, imeviringishwa kama utepe, mnadhani kisu hakiwahusu. Siku utepe ukipungukiwa kidogo kwenye kona ndipo mtanikumbuka.

Baada ya miaka kwa Mzee Barasa nikapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Tororo. Kazi yangu ilikuwa kuziba. Pamba ina nyuzi ndogo zinazoruka hewani, na barabara zetu zina vumbi, na vyote viwili vilitaka kuingia mahali visipotakiwa. Niliziba milango ya malori, madirisha ya ofisi, mabomba ya kuvuta pamba. Niliweka mpira wenye ulimi, yaani ukingo mwembamba unaojikunja, na ulimi huo siku zote niliutazamisha nje, kwa sababu vumbi liko nje. Vumbi likija linausukuma ulimi ujibane zaidi. Mlango wangu wa lori ulikuwa haupitishi hata harufu. Dereva mmoja alilalamika kwamba akijamba anabaki nayo mpaka Malaba. Nililichukua kama sifa.

Kumbukeni hapo: ulimi nje. Ndipo nilipokwamia.

Fundi mkuu wa mashine kiwandani alikuwa Bwana Menezes, Mgoa aliyezaliwa Kisumu, mtu mwembamba aliyeongea Kiswahili kizuri kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akijenga ndege. Alikuwa ameagiza michoro kwa posta kutoka ng'ambo, akanunua injini ya gari dogo lile la mgongo wa kobe, lisilokunywa maji, lililopinduka njia ya Malaba. Sehemu za mbao alimwachia Okoth, seremala wa kiwanda, Mjapadhola wa Rubongi. Miaka ya nyuma ndege ilikuwa vipande vipande, na msimu wa pamba ukifika vilining'inizwa kwenye dari ya stoo. Mwaka huo ilikuwa imeunganishwa. Imesimama kwa magurudumu yake katikati ya stoo, ina kiti kimoja, imevikwa kitambaa na kupakwa rangi ya maziwa.

Taabu ilikuwa hii. Msimu ulikuwa unakuja, na kazi ya Bwana Menezes hapo ilikuwa inakwisha. Alikuwa amepata nyingine kwao Kisumu. Meneja alikuja siku moja akasimama mlangoni mwa stoo akasema, "Siku gunia la kwanza la pamba linaingia, hiyo kitu inatoka. Nzima au vipande, mimi sitauliza."

"Tuipakie kwenye lori basi," nikasema mimi, nikidhani nimesema jambo.

Okoth akanitazama. "Pancha," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa, "wewe nakwenda na lori yenye mabawa? Hii bawa mimi nimegandisha moja, kutoka huku mpaka huku, napita chini ya tumbo. Haitoki. Ukitaka itoke, lete msumeno."

Nimtendee haki Okoth, mchoro ndio uliosema bawa liwe moja. Hakubuni. Lakini maana yake ndiyo hiyo: ama ndege iruke yenyewe hadi Kisumu kabla ya pamba, ama ikatwe kwa msumeno. Bwana Menezes alichukua kitambaa akafuta bawa mahali ambapo halikuwa na uchafu.

Kuruka kulitaka karatasi ya ruhusa, na karatasi ilikuwa kwa mkaguzi kutoka Entebbe. Mbao alikuwa amezikubali zamani. Ilibaki injini: iwashwe, ipigwe kwa nguvu zake zote mbele yake, na mshale wa joto usifike kwenye rangi nyekundu.

Sasa niwaeleze boneti ya ndege, maana hapa gereji wengi mnadhani boneti ni ya kuzuia mvua. Injini isiyokunywa maji inapozwa na upepo. Upepo unaingia kwa matundu mawili ya mbele, nyuma ya pangaboi, unajaa juu ya silinda. Pande zote na nyuma kuna mabati yaliyosimama kama ukuta, ili upepo usipate njia nyingine ila kushuka katikati ya mbavu za silinda, uzipoze, kisha utoke chini. Lakini ukuta hauwezi kugusa boneti, kwa sababu injini inatetemeka na boneti ingekwaruzwa mpaka itoboke. Kwa hiyo unaachwa mwanya, na mwanya unazibwa kwa sili za mpira. Sili zikiwa mbaya, upepo unatorokea mwanyani bila kufanya kazi, na injini inaungua.

Sili zilizoagizwa hazikufika. Bwana Menezes akaniita. "Fundi Wandera, nasikia milango yako haipitishi hata harufu."

Nilivimba kichwa. Naandika ukweli, nilivimba.

Nilichukua tyubu ya lori kubwa, nikaikata vipande, upande wa ndani nikagandisha kitambaa cha marekani kwa solusheni ili mpira usilegee ukipata joto. Hiyo ilikuwa akili nzuri, sitajinyima. Tyubu ikikatwa ina mkunjo wake wa kuzaliwa, kwa kuwa ilikuwa duara. Ukitumia mkunjo huo huhitaji kulazimisha. Kwenye kona nikachana mikato midogo ili ijipinde, na mwisho wa kila mkato nikatoboa tundu la duara ili usiendelee kuchanika wenyewe. Nikapiga ribiti zenye washa pana, vile visahani vya bati, mbali na ukingo. Na ulimi, kama siku zote za maisha yangu, nikautazamisha nje.

Kisha nikafanya jaribio langu la milango ya lori. Nilipaka jivu laini la jikoni kwenye ukingo wote wa mpira, tukafunga boneti, tukafungua. Ndani ya boneti palikuwa na mstari mweupe kuzunguka kote, haujakatika hata mahali pamoja. Nikamwita Okoth aje aone.

"Iko mzuri," akasema.

"Mzuri tu?"

"Iko mzuri kwa macho. Mimi si upepo."

Nilimwambia ana wivu. Nilimwita Bwana Menezes, nikawaita na wanawake waliokuwa wakifagia uwanja, hata Meneja alipopita nikamwonyesha mstari wangu. Sikujali kufuta jivu lile. Nililiacha kwenye mpira kama mtu anayeacha lebo kwenye kofia mpya.

Mkaguzi akaja, mtu mpole mwenye miwani, akaongea kidogo. Tukaisukuma ndege uwanjani, tukafunga mkia wake kwa kamba kwenye nguzo ya mizani, Bwana Menezes akaingia, Okoth akazungusha pangaboi. Injini ikashika. Nyuzi za pamba zilizokuwa chini zote ziliinuka zikaruka nyuma kama kuku waliofukuzwa. Nilisimama karibu na mkaguzi, mikono nyuma, nikisubiri pongezi.

Sikuona mshale, nilimwona Bwana Menezes usoni. Mwanzo alikuwa akitabasamu. Kisha akaacha. Kisha akawa anagonga kioo cha kipimo kwa kidole, kama mtu anayebisha mlango akitumaini hakuna aliyepo. Mkaguzi akapitisha mkono shingoni pake. Injini ikazimwa. Harufu ilikuwa ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Imepita nyekundu," mkaguzi akasema. "Siwezi."

Bwana Menezes alishuka taratibu. Hakuniangalia, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Mkaguzi akasema anakwenda Soroti, na siku ya kurudi atapita tena hapa. Kama kuna la kubadilisha tulibadilishe, akipita hapo harudi tena mwaka huo. Nimewasikia watu wakimsema mkaguzi huyo vibaya. Si haki. Angeweza kutopita.

Injini ilipopoa tukafungua boneti. Nilijiambia kosa ni la mafuta, au la injini yenyewe, ilipinduka ile, huenda ina kizunguzungu. Nilikuwa bado natafuta wa kulaumiwa Okoth alipoinama akasema, "Pancha, kuja uone jivu yako."

Jivu langu halikuwa tena ukingoni. Lilikuwa limepeperushwa kutoka ndani kwenda nje, juu ya ndimi za mpira, likachora mistari mirefu kila upande, kama nywele zilizochanwa. Mahali pote upepo ulipotoroka ulikuwa umeandika.

"Imepita hapa yote," Okoth akasema. "Ulimi yako nafunguka kama mlango ya kanisa."

Bwana Menezes akaenda kuleta mchoro. Akaufungua juu ya bawa, akautazama, akaugeuza, akatuonyesha kwa kidole. Ulimi kwenye mchoro ulikuwa umekunjwa ndani, kuelekea injini. Mstari mwembamba, lakini upo. Upepo ukijaa juu ya silinda unausukuma ulimi huo dhidi ya boneti, na kadiri unavyosukuma ndivyo unavyoziba. Wangu uliotazama nje ulisukumwa ukajifungua, halafu injini ilipozimwa ukarudi kugusa boneti vizuri kabisa, kama mtoto aliyeiba sukari.

Mimi nilikuwa nimeuona mchoro ule. Niliutazama, nao ukanitazama. Lakini maisha yangu yote kitu cha kuzuiwa kilikuwa nje kinataka kuingia, na haikunipitia kichwani kwamba kunaweza kuwa na kitu ndani ambacho hakitakiwi kutoka. Vijana, mkishika sili yoyote, msiulize "uchafu uko wapi." Ulizeni nani anasukuma, kisha ulimi umtazame huyo.

Tuligawana lawama palepale, maana Okoth alipenda mambo yaishe. Nusu yangu. Robo ya Bwana Menezes, kwa kuwa alikuwa na mchoro na hakuangalia. Robo ya Okoth, kwa kuwa alisema "iko mzuri." Okoth aligoma.

"Mimi nilisema mzuri kwa macho!"

Nimeifikiria miaka mingi. Ni kweli alisema hivyo. Basi mimi nichukue robo tatu.

"Geuza tu," Bwana Menezes akasema. "Zigeuze ndimi, Fundi."

Laiti. Mkunjo wa tyubu ulikuwa umekwisha kuchagua upande, na kitambaa kimegandishwa ndani yake. Nilipougeuza ulisimama wima kama sikio la punda. Ilibidi kukata upya, na tyubu ya ukubwa ule sikuwa nayo. Ilikuwa msimu wa malori kujitayarisha, kila mwenye tyubu aliificha.

Nikapanda baiskeli hadi Busia kwa Mzee Barasa. Alikuwa amezeeka, anaketi kwenye kiti cha kamba mbele ya duka lake, miguu kwenye beseni la maji ya kupimia pancha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia umechoma ndege."

Nilikuwa sijashuka baiskeli vizuri. Sijui habari ile ilipitia wapi ikanitangulia. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye ulimi akatoa miguu kwenye beseni.

"Nje?"

"Nje, Mzee."

"Kwa hiyo umemvalisha mtu koti, vifungo vikae mgongoni, kisha ukashangaa anahisi baridi."

"Si baridi, Mzee. Alihisi joto."

"Usinisahihishe. Wewe ulishona suruali kwa kiraka."

Lakini aliingia ndani akatoka na tyubu kubwa nyeusi. Ilikuwa ya wale watu wa Samia waliovusha magunia mto Sio wakati wa mafuriko. Waliirudisha kwake izibwe, hawakuja kuichukua. Nilimuuliza wakija? Akasema watakuta imeruka. Akanishika mkono kabla sijaondoka. "Wandera. Huyo mtu wako atakaa nyuma ya mpira wako, angani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi kata polepole."

Njiani nilishuka baiskeli mara nyingi, si kwa sababu ya kilima.

Kazi ya pili niliifanya kwa woga, na mengi ninayojua kuhusu sili nilijifunza siku zile. Niligandisha marekani kwanza, nikaacha ikauke kwa jua la asubuhi, si la mchana, maana la mchana hutoa mapovu. Nilikata kwa kisu cha maji. Mahali vipande viwili vinapokutana nilivilaza kimoja juu ya kingine kama vigae vya paa, cha juu kikiwa upande upepo unakotoka, ili upepo usikinyanyue. Zamani ningevikutanisha kichwa kwa kichwa, maana vinapendeza. Na baada ya kila kipande nilimwita Okoth.

"Ulimi unatazama wapi?"

"Ndani."

"Una hakika?"

"Pancha, mimi naanza kuota hii ulimi. Jana nimeangalia bibi yangu akiongea, nikasema, hii natazama wapi?"

Nilimwita tena. Sijui kama nilikuwa namwamini yeye au sikujiamini mimi. Nadhani yote mawili. Boneti ilipofungwa safari hii ilikataa kidogo. Ilibidi Bwana Menezes apitishe kisu cha siagi kuzunguka ukingo kuingiza ndimi ndani zisijikunje vibaya. Mkifunga sili za aina hiyo fanyeni hivyo, na kitu butu, si bisibisi. Moja ikijikunja kinyume ni kama hujafanya kitu.

Mkaguzi alirudi kutoka Soroti kama alivyosema. Injini ikapigwa. Safari hii sikusimama karibu naye, nilisimama nyuma ya mizani. Mshale, kama Bwana Menezes alivyotueleza baadaye, ulipanda, ukafika karibu na nyekundu, ukasita, ukakaa. Mkaguzi aliuacha ukae mpaka nikadhani amelala wima. Kisha akashusha mkono na kuomba mahali pa kuandikia. Okoth akampa mgongo wake.

Gunia la kwanza la pamba lilikuwa linakuja kesho yake. Asubuhi na mapema tukaisukuma ndege kwa mikono hadi uwanja wa ndege wa Tororo, ambao siku zile ulikuwa nyasi na ng'ombe. Bawa moja lilikula barabara nzima. Waendesha baiskeli walishuka mtaroni na kuku wao na ndizi zao, na mama mmoja akauliza kama tunaipeleka hospitali.

Bwana Menezes alitushika mkono wote wawili. Alisema atapita juu ya Busia, afuate barabara, ili kama mambo yakiharibika ashuke mahali penye watu. Akifika Kisumu atampa ujumbe dereva wa basi la jioni, ashuke nao Busia. "Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, Fundi. Kila kitu juu ya sili zako." Kisha akaingia, na ile rangi ya maziwa ikakimbia kwenye nyasi, ikaruka mara moja ikatua, ikaruka tena, na safari hii haikurudi chini. Ikapita kando ya mwamba wa Tororo ikawa ndogo.

Okoth alilia. Akisoma hapa atakana, kwa hiyo naongeza kwamba kulikuwa na vumbi.

Nilipata lori hadi Busia nikaketi penye kituo cha basi toka saa nane. Watu waliiona ndege ikipita. Mmoja akaniambia ilikuwa ikitoa moshi, mwingine akasema ilikuwa ikiimba, wa tatu akasema ilisimama hewani kidogo ikitafakari. Kuelekea ziwani wingu jeusi lilikuwa limesimama. Mke wangu, Nekesa, alinitumia chakula cha mchana kutoka nyumbani Sikuda, nikakiangalia kikapoa. Niliona ndimi zangu zote akilini, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa inatazama nje. Nilimwona yule Mgoa akigonga kioo kwa kidole, peke yake, juu ya mashamba ya watu wasiomjua.

Basi lilichelewa. Lilipofika lilikuwa na tope hadi madirishani, na dereva alikuwa wa kwanza kushuka, anatafuta mahali pa kujisaidia. Nikamfuata mpaka nyuma ya kibanda.

"Bwana, kuna Mgoa amekupa ujumbe? Mwembamba? Wa ndege?"

"Ngoja basi, mzee, nimalize."

Nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo.

"Huyo Mgoa," akasema akifunga vifungo, "ndiyo, alikuja stendi. Akaniambia nimwambie fundi wa mpira wa Busia… alikuwa na maneno mengi. Mpira umefanya nini, sijui, na boneti… Mzee, nisamehe. Tulikwama tope mara nyingi leo. Yamenitoka."

"Alikuwa amesimama mwenyewe?"

"Nani?"

"Mgoa! Alikuwa mzima?"

"Alikuwa anakula chapati," dereva akasema. "Mbili. Alikuwa anacheka na mdomo umejaa."

Simlaumu yule dereva. Alikuwa na abiria wengi na barabara mbaya. Nilimuuliza tena safari zake zilizofuata, mpaka akawa ananikwepa. Bwana Menezes hakurudi Tororo, nami sikuvuka hadi Kisumu hata akahamia mbali zaidi. Kwa hiyo alichosema juu ya sili zangu sijakijua mpaka leo. Huenda alizisifu. Huenda alisema kona ya kushoto inavuja. Ninyi mkitaka kuisimulia, semeni hamjui, kama mimi.

Nilitembea kwa miguu hadi Sikuda, wingu likanikuta njiani, nikaingia nyumbani nimelowa, chakula cha mchana bado mkononi. Nekesa akauliza, "Baba Ajiambo, amefika?"

"Amefika."

"Na mpira wako?"

"Dereva amesahau."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akapasha kile chakula cha mchana, akaongeza na cha jioni: ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, kunde, na samaki mkavu wa kupikwa kwa karanga. Watoto walikula kwanza, mimi nikala kilichobaki chote.